Ukurasa wa Mwisho wa Kombo Dereva

Ukitaka kujua kama kitabu cha katuni ni halisi au ni feki, kwanza nawa mikono, kisha kinuse. Msicheke, vijana wangu. Kitabu kilichotoka kiwandani Nairobi kilinuka wino mkavu na vumbi la safari. Feki ya hapa kwetu Kampala ilinuka mafuta ya taa, na kama aliyeitengeneza alikula samaki siku hiyo, ilinuka na samaki. Halafu tazama mgongo wake. Cha kiwandani kina pini mbili zilizolala sawasawa; feki ina uzi wa cherehani. Mwisho kabisa, tazama watu waliochorwa humo wanashika bastola kwa mkono gani. Kama wote wanashika kwa kushoto, umeuziwa maneno.

Sababu yake ni hii. Wakati ule watu walikuwa wanapaka mafuta ya taa juu ya picha halisi, wanalaza karatasi safi juu yake, wanasugua kwa mgongo wa kijiko. Picha inahama, lakini inahama kinyume. Kulia kunakuwa kushoto. Maneno nayo yanageuka, kwa hiyo wanayafuta na kuyaandika upya kwa kalamu. Niliwahi kuona kitabu ambacho kikosi kizima kilipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Aliyekinunua alikuwa koplo. Alikaa kwenye benchi langu akiutazama mkono wake mwenyewe, kama mtu anayejiuliza amekosea tangu depo ya mafunzo.

Mmeniomba, ninyi mnaojifunza kujalidi vitabu hapa madrasani, niandike kidogo kuhusu kazi yangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho ya kuandika. Nitaandika ninavyokumbuka, na nakumbuka zaidi makosa.

Kazi nilifundishwa na marehemu Mwalimu Faraji, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa akitengeneza misahafu. Msahafu ulioliwa na mchwa, msahafu ulionyeshewa mvua, wote waliletwa kwake. Karatasi ikipotea, tulitafuta msahafu mwingine wa chapa ileile, tunanakili herufi kwa herufi, na yeye anasoma nyuma ya bega langu. Alikuwa na amri moja. "Rajabu," alisema, "fundi anarudisha. Fundi haongezi. Hata nukta." Siku nilipoongeza ua dogo pembeni, ili kupendezesha tu, alinifanya niandike ukurasa mzima upya, kisha akaninunulia chai. Alikuwa hivyo, hasira yake na sukari vilikaa mfuko mmoja.

Alinifundisha herufi, maua na mistari. Viumbe wenye roho hakunifundisha kuchora, na mimi sikumwomba.

Nilipoanza kujitegemea, niliweka benchi langu Nakasero, pembeni ya soko. Ilikuwa zama za serikali ya wanajeshi. Wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini, na duka la karatasi lililokuwa jirani yangu lilipewa bwana mmoja aliyekuwa akiuza karatasi kwa kilo, kama nyama, na ukilalamika anakuongezea mfupa, yaani anapima pamoja na kasha la kufungia. Misahafu ilikuwa michache na vitabu vya shule vilikuwa havinunuliwi. Waliokuja kwangu kwa wingi walikuwa watu wa katuni.

Wengi walitaka kitabu kimoja, *Kombo Dereva*. Kilitoka Nairobi kwa Kiswahili, kuhusu dereva wa lori aliyebeba mizigo kutoka pwani hadi maziwani, akipambana na wezi wa barabarani. Kwa kuwa kilikuwa kwa Kiswahili, lugha ya jeshi letu, wanajeshi walikipenda, na kwa kuwa wanajeshi walikipenda, hakuna aliyethubutu kusema ni upuuzi. Wakusanyaji wakaleta matoleo yao niyashone pamoja na kuyapa jalada gumu.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hiyo niliifanya kwa uangalifu mkubwa, nikaipigia bismillahi, nikashona matoleo sita, mgongo ukakaa kulia. Kulia! Mkono ulizoea msahafu. Mwenyewe alikuwa Sospeter, mpiga taipu wa ofisi moja ya ushirika, mtu mwembamba mwenye kicheko kinene. Alikaa nacho siku mbili akakirudisha.

"Fundi," akasema, "nimesoma kitabu chako. Kombo anaanza akiwa nyumbani salama. Halafu lori linapanda kutoka bondeni lenyewe. Halafu wezi wanarudisha mali yote na kuondoka kinyumenyume. Hebu niambie, hiyo ni nchi gani, nihamie?"

Nilikifumua nikakishona upya, na tangu hapo tukawa marafiki. Mkumbuke huyu Sospeter. Ofisini kwao kulikuwa na mashine ya stensili, ile ya kutoa nakala nyingi za karatasi.

Sasa nije kwa Kapteni. Jina lake silitaji; sisi tulimwita Kapteni Karafuu, naye akiwa mbali. Alitunza katuni zake katika sanduku la risasi, kila moja imefungwa kwa kitambaa, na karafuu zimetupwa kati yake kuzuia wadudu. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi hadi linakwaruza. Soko zima lilinyamaza akishuka kwenye jipu lake la kijeshi. Lakini kabla ya kushika kitabu alikuwa anaomba maji anawe, na akifungua kurasa anazifungua kwa leso, kama mkunga.

Siku moja aliniletea toleo la saba la Kombo. Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Askari wake mmoja alikuwa ameuchana akasokotea tumbaku.

"Yule askari yuko wapi sasa, afande?" niliuliza.

"Iko," akasema, na sikuuliza tena. "Fundi, Kombo nawekwa pabaya. Lori nananing'inia kwa daraja. Mkubwa ya wezi iko ndani ya lori. Alafu karatasi nakwisha. Mimi silali. Wewe tafuta mwisho. Jumamosi mimi narudi."

Nilitafuta. Nilikwenda kwa kila mkusanyaji niliyemjua, hadi Luzira kwa mtu mmoja wa bandarini. Toleo la saba hakuna aliyekuwa nalo. Alhamisi ikapita. Ijumaa baada ya sala nilikaa kwenye benchi langu, nikatazama lori lile linaloning'inia, na nikajiambia neno ambalo ninyi msijiambie kamwe: "Hii si msahafu. Ni katuni tu."

Nikauchora mwisho mwenyewe.

Nyuso nilizihamisha kwa karatasi ya kaboni kutoka kurasa nyingine, zikatoka vizuri sana. Lori lilikuwa la njano, na rangi ya njano haikuwepo mjini, kwa hiyo nilikoroga binzari ya jikoni na uji wa muhogo. Bluu ya mto ilikuwa bluu ya kufulia. Taabu ilikuwa mikono. Mikono niliyoihitaji haikuwepo popote ya kunakili, na mimi mwenyewe nikichora mkono unatoka kama kichana cha ndizi. Basi nikaificha yote. Katika picha ya kwanza inaonekana kamba tu ikiingia ndani ya lori. Katika ya pili yule mkubwa wa wezi ameokolewa, anakunywa maji, na kichwa chake chote kimo ndani ya ndoo. Katika ya tatu wote wawili wamesimama, mikono nyuma, kama watoto wa shule. Mwizi anasema, "Nisamehe. Nilisahau kwamba na mimi nilikuwa dereva." Kombo anamjibu, "Panda twende. Njia bado ndefu." Katika ya nne lori linaondoka, linaonekana kwa nyuma, kwa sababu lori kwa nyuma halina mikono.

Wakati wino unakauka, Sospeter alipita. Akakisoma kitabu akiwa amesimama, akakaa, akakisoma tena. Akaniomba nimkopeshe hadi kesho asubuhi. Nikampa. Nilikuwa na kiburi kidogo, nikiri. Sikumwambia kwamba ukurasa ule ni wangu, naye hakuniambia kwamba anakwenda moja kwa moja kwenye stensili.

Jumamosi Kapteni alikuja, akanawa, akasoma. Akasoma mara ya pili. Mara ya tatu akaitoa ile leso ya kushikia vitabu akapenga nayo kamasi.

"Nimepata, afande," nikasema, kabla hajaniuliza. Huo ndio uongo wangu, maneno mawili. Hakukuwa na haja hata ya kuyasema.

Baada ya mwezi, toleo la saba lilikuwa kila mahali. Limepigwa stensili, limeshonwa kwa uzi, limepakwa rangi na wadogo zake Sospeter. Katika mji mzima mtu akimkosea mwenzake aliambiwa, "Umesahau kwamba na wewe ulikuwa dereva?" Niliyasikia sokoni, niliyasikia msikitini mlangoni wakati wa kutafuta viatu. Na mimi nikanyamaza, nikitabasamu kama mtu aliyekula asali ya wenyewe.

Ndipo Nalongo akarudi kutoka Nairobi.

Nalongo, kama jina lenyewe la Kiganda linavyowaambia, alikuwa mama wa mapacha. Alikaa Kyebando, akiuza mitumba hapo sokoni kwetu, karibu na wauza vitunguu, na ndani ya robota la nguo alikuwa analeta katuni halisi. Hajawahi kuuza feki. Alikuwa akiniletea kila kitabu kwanza nikinuse. Safari hiyo alinipita, kwa kuwa nilikuwa kwenye mazishi Bombo kwa jamaa zetu. Alikuwa na toleo la saba, safi, pini mbili. Akamuuzia Kapteni Karafuu, aliyetaka nakala ya pili ya kuweka akiba.

Nilikuwa benchini nikikoroga gundi jipu liliposimama. Nyuma walikaa askari wawili, na katikati yao Nalongo, amekumbatia robota lake. Wauza vitunguu walianza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Ninyi mmezaliwa baadaye, niwaeleze kwa maneno machache: mtu akipandishwa gari kama lile, familia yake ilianza kuuliza, na kuuliza kulichukua miaka.

"Fundi," Kapteni akasema, na hakuomba maji ya kunawa. "Wewe najua kitabu. Tazama hii."

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Kwa mara ya kwanza nikauona mwisho wa kweli. Kombo anatoka kwenye lori, anamsukuma mwizi mtoni pamoja na lori, anawasha sigara. Mwisho. Na Mungu anisamehe, vijana wangu, mama wa watu akiwa amekaa kati ya bunduki mbili, wazo langu la kwanza lilikuwa: wangu ni mzuri zaidi.

"Mwisho gani hii?" Kapteni akaendelea. "Kombo nasukuma mutu kwa maji? Kombo navuta sigara? Kombo havuti sigara! Huyu mama nauzia mimi feki. Mimi! Wewe sema mbele yake, alafu mimi najua pahali ya kumpeleka."

"Fundi, bambi, nakusihi!" Nalongo akaita kutoka kwenye gari. "Wewe unanijua! Siku ya mapacha wangu ulikula kwangu mpaka ukafungua mukanda! Waambie!"

Nilikinusa. Wino mkavu. Pini mbili. Bastola mkono wa kulia. Ningetikisa kichwa tu, mambo yangekwisha, nami ningerudi kwenye gundi yangu. Nilisikia sauti ya Mwalimu Faraji nyuma ya bega langu, na yeye alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

"Hii ni ya kweli, afande," nikasema. "Feki ni ile yako. Ukurasa wa mwisho nimeuchora mimi."

Kapteni alisogea karibu. Halafu, hamtaamini, akanishika bega kwa upole.

"Fundi, wewe mutu ya dini. Nasikia huruma kwa mama, nasema uongo kumuokoa. Mimi naheshimu. Lakini usirudie."

Hapo ndipo nilipojua adhabu ya uongo wangu: ukweli wangu ulikuja ukiwa umechelewa, na mlango umefungwa. Miaka yote sifa ya ucha Mungu ilinisaidia, siku hiyo ilinigeuka.

"Nasema kweli, afande. Una nakala yako?"

Alikuwa nayo, kwenye sanduku, ndani ya jipu. Ikaletwa, harufu ya karafuu ikajaa. Nikafungua ukurasa wangu, nikamwonyesha lori la njano.

"Lamba, afande."

Askari mmoja akashusha miguu yake chini. "Nasema nini huyu?"

"Rangi ya kiwandani haina ladha," nikasema. "Hii ni binzari. Lamba kidogo, hapo kwenye mlango wa lori."

Kapteni Karafuu, ambaye soko zima lilikuwa likimwogopa, alitazama kushoto, akatazama kulia, akainamisha kichwa, akalamba lori la Kombo. Akafikiri.

"Muchuzi," akasema.

"Na mikono, afande. Tazama mikono."

Akatazama. Akageuza kitabu juu chini kana kwamba mikono itaanguka. "Mimi nilijiuliza," akasema polepole. "Siku mingi nilijiuliza. Mutu nakunywa maji, nashika ndoo na nini?"

"Sijui kuchora mikono."

Akanipa kalamu yake mwenyewe. "Chora mukono. Hapa, sasa."

Nikachora juu ya karatasi ya kujalidia. Nilijitahidi kwa kadiri ya uwezo wangu. Vidole vilitoka saba, vimesongamana. Kapteni aliutazama mkono ule, akawaonyesha askari. Mmoja akauliza kama ni ndizi za gonja au ni za matooke. Nalongo akanyoosha shingo kutoka kwenye gari, akashangaa, "Kyoka fundi! Huyo ni mukono ama ni shamba?" Na Kapteni akacheka. Alicheka hadi akashika benchi langu.

Alipokwisha kucheka akakaa kwenye kigoda cha wateja, vitabu viwili magotini.

"Kwa hivyo kweli kweli, Kombo naua yule mutu."

"Kwenye cha Nairobi, ndiyo, afande."

"Na ile neno, ya kusahau kama yeye pia ilikuwa dereva. Wewe natoa wapi?"

"Kichwani, afande. Niliogopa Jumamosi."

Akaufungua tena ukurasa wangu, akausoma. Alichokuwa anakifikiria sikukielewa wakati ule, na sidhani kama nakielewa sasa. Kisha akaniamuru niandike jina langu chini ya ukurasa wangu, kwa herufi ndogo, na niandike kwamba ukurasa huu umetiwa na fundi. "Mutu asiseme mimi naweka feki bila kujua. Mimi najua, naweka." Akavifunga vyote viwili kwa kitambaa kimoja. Akageuka.

"Mama, shuka. Kitabu yako iko muzuri. Mwisho yake mubaya, lakini kitabu muzuri. Na wewe fundi, kama mimi nasikia tena wewe natia mukono kwa kitabu ya mutu..."

"Mikono sijui, afande," ulimi wangu ukasema wenyewe.

Alicheka tena, alhamdulillahi, na jipu likaondoka.

Tangu siku ile, kila nilichokitia kwenye kitabu, kiwe kiraka au herufi moja, nimekiandikia pembeni. Mteja akinuna, namwambia atafute fundi mwingine. Nanyi fanyeni hivyo. Kiraka kinachojificha kitakuja kukutoa jasho mbele za watu, na hutakuwa na binzari kila mara.

Lakini kwa Nalongo sikupona upesi. Aliweka robota chini, akakaza kitambaa chake kiunoni, akaniambia, "Wewe mutu mubaya. Mimi nimekaa kwa jipu sababu ya mwisho yako. Sasa jina yangu sokoni ni feki. Toka, twende."

Tukatoka. Siku nzima iliyobaki nilitembea nyuma yake, nimebeba robota kichwani, kwa kila mtu aliyenunua toleo la saba la Sospeter. Sospeter mwenyewe tulimkuta amejifungia kwenye kabati la karatasi. Alikiri akiwa ndani. Kila mlango nilisimama nikasema: "Mwisho ulio nao ni wangu, nimeubuni. Wa kweli ni wa Nalongo, na Nalongo hauzi feki." Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake, kila mmoja alisema sawa, nimesikia, halafu akasogea karibu, akapunguza sauti: "Fundi, la nane je? Hukubuni la nane?" Nikasema hapana. Nalongo alikuwa amesimama pale akihesabu hapana zangu.

Kyebando tulifika nikiwa sina shingo. Aliniletea maji, mapacha wake wakanitazama kama mzigo mpya kutoka Nairobi. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akautazama uwanja wake. Nikadhani amekwisha kunisamehe, nikaanza kuinuka.

"Fundi."

"Naam, Nalongo."

"Yule mwizi. Alipopanda lori na Kombo. Walienda wapi?"

"Hiyo si ya Nairobi, Nalongo. Nikikwambia, ni maneno yangu tu. Ujue hivyo kabisa."

"Ssebo, bwana wangu, najua," akasema, akawavuta mapacha karibu. "Sema."

Nikaketi tena, nikasema.